Kiuno Kikikutuma kwa Munganga: Mwongozo kwa Mkaaji wa Ibanda

Mama anayepandisha mfuko wa makala kutoka ziwani, kamba imekaza kwenye paji la uso na mgongo umeinama, anaweza kuishi na maumivu ya kiuno miaka mingi bila kukanyaga kituo cha afya. Karani wa ofisi kwenye Avenue Patrice Lumumba anaamka Jumatatu kiuno kimekaza, na Jumatano yuko kwenye benchi anangoja jina lake liitwe. Kama uchungu peke yake ndio ungekuwa unampeleka mtu kwa munganga, wawili hao wangekutana kwenye benchi hiyo. Hawakutani.

Mtu hupelekwa na mambo mengine: kazi iliyokwama, usingizi uliopotea, hofu ya ugonjwa mkubwa, karatasi inayotakiwa na bosi, mama mkwe aliyechoka kusikia malalamiko. Jambo moja ninalokuomba ni hili: lijue lako kabla ya kufunga mlango wa nyumba. Munganga ana watu wengi mlangoni na dakika chache kwa kila mmoja. Ukimwambia "kiuno kinauma" ukanyamaza, atakuandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Ukimwambia "wiki ya pili sasa siwezi kuinama kumwogesha mtoto, na naogopa kwamba ni figo", umempa kazi mbili za kufanya, na ni vigumu akuache uende bila kuzigusa.

Wengi wanaumwa, baadhi wanakwenda

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna tatizo jingine la afya linalowazuia watu wengi hivyo kufanya shughuli zao. Kwa Afrika, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ukiwauliza watu siku yoyote ile, karibu 39 kati ya 100 watakwambia kiuno kinawauma. Hakuna benchi ya kuwatosha, na wengi wao hawaihitaji.

Watafiti waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali mwaka 2010 walikuta kwamba watu wapatao 58 kati ya 100 wenye maumivu haya walitafuta matibabu. Wanawake walikwenda zaidi ya wanaume. Walioshindwa kufanya shughuli zao za kila siku walikwenda zaidi ya wote. Hilo halimshangazi mtu wa Ibanda. Mji umejengwa kwenye miteremko inayoangukia Ziwa Kivu, na hapa kiuno kikikataa, kila kitu kinakataa: kuteka maji bomba la REGIDESO linapokauka, kushuka njia ya udongo ya Panzi baada ya mvua, kukaa nyuma ya pikipiki hadi Nyawera, kuvuka mto Ruzizi asubuhi na bidhaa za kuuza. Mwenye mshahara akiumwa anaomba ruhusa. Anayelipwa kwa mzigo anapiga hesabu ya chakula cha jioni, anaamua kuvumilia, na ndiye huyo anayefika hospitali akiwa amechelewa.

Mara tisa kwa kumi hivi, munganga hataona sababu moja anayoweza kuitaja kwa jina. Misuli, viungo vidogo vya uti wa mgongo, mishipa inayovishikilia, diski zilizo kati ya pingili, vyote vinaweza kuuma bila kipimo kuonyesha ni kipi. Usikasirike ukiambiwa hivyo. Ni habari njema, kwa sababu kiuno cha namna hiyo kwa kawaida kinapungua chenyewe ndani ya wiki chache. Wanaobaki ni wale wachache wenye kitu kibaya nyuma ya maumivu, na kwa ajili yao sehemu inayofuata ni ndefu kuliko nyingine.

Siku ya kutongoja

Usiangalie ukubwa wa uchungu. Kiuno kilichojinyonga wakati wa kuinua bidoni kinaweza kukutoa machozi na kisiwe na hatari yoyote, na ugonjwa wa mfupa ukaanza na maumivu ya kuvumilika. Angalia yanayofuatana na maumivu.

Ya kwanza ni ganzi kati ya mapaja, pale mwili unapogusa kiti cha pikipiki, pamoja na mkojo unaokataa kutoka au unaotoka bila wewe kujua, choo kisichozuilika, au miguu yote miwili kulegea. Neva za chini kabisa za uti wa mgongo zimebanwa. Hapa hesabu ni ya saa. Nenda usiku huohuo, hata kama ni wa manane, moja kwa moja kwenye hospitali kubwa, kwa sababu kituo kidogo hakina cha kufanya isipokuwa kukuelekeza mbele.

Umeanguka kutoka juu, umegongwa, pikipiki imekutupa? Nenda. Ukiwa mzee, hasa mama aliyekwisha koma hedhi, au kama umemeza prednisolone au dexamethasone kwa muda mrefu, hata kuteleza kidogo kwenye ngazi ya udongo kunaweza kuvunja pingili.

Maumivu yanayokuamsha usiku, yasiyobadilika ulale au usimame, na mwili unakonda bila sababu: nenda, na useme wazi kama umewahi kutibiwa kansa. Kansa ya matiti, ya tezi dume na ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoweza kujitokeza kama kiuno. Mzee wa zaidi ya miaka 50 ambaye kiuno kimeanza sasa na mkojo unatoka kwa shida asiridhike na kidonge.

Homa ni onyo lingine. Maumivu yaliyo juu kidogo, chini ya mbavu, upande mmoja, pamoja na homa, kutetemeka na mkojo unaochoma, hayo ndiyo ya figo kweli. Maumivu yanayokuja kwa mawimbi makali, yakashuka kuelekea kinena, ukahangaika usipate pa kukaa, huenda ni jiwe la figo. Kipimo rahisi cha mkojo kinamsaidia munganga kuanza kutenganisha. Kiuno cha misuli kina tabia nyingine: kinaongezeka ukiinama, ukigeuka, ukikaa sana, na kinapungua ukibadilisha namna ya kukaa. Nakaa kwenye jambo hili kwa sababu hofu ya figo inajaza benchi za Ibanda kuliko figo zenyewe.

Halafu kuna kifua kikuu. Daktari wa upasuaji Mwingereza Percivall Pott alikieleza kifua kikuu cha uti wa mgongo mwaka 1779, na hadi leo wagonjwa wake wanafika hospitali mgongo ukiwa umekwisha pinda. Kinaanza polepole. Maumivu yanakaa sehemu moja ya mfupa kwa wiki na miezi, ukipigapiga pale kwa ngumi unaruka, jioni homa ndogo, usiku jasho, nguo zinaanza kupwaya. Wengi hawakohoi kabisa, kwa hiyo kusema "sina kikohozi, si TB" hakutoshi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini Kongo kupitia programu ya taifa, na matibabu ya mfupa huchukua miezi mingi, sita au zaidi. Ukichelewa, mfupa uliobomoka haurudi, na miguu inaweza kupooza. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi asingoje hata wiki chache akiona dalili hizi.

Wanawake wana orodha yao. Mimba inaleta maumivu ya kiuno kwa karibu nusu ya wajawazito, na mara nyingi hakuna ubaya. Lakini kiuno kinachokaza na kulegea kwa mpangilio kabla ya miezi kutimia kinaweza kuwa uchungu wa kuzaa, na homa katika mimba ni ya kuonyesha siku hiyohiyo. Hedhi imechelewa, maumivu makali yako upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu: hiyo ni ya kukimbilia hospitali, kwa sababu mimba inaweza kuwa imekaa nje ya kizazi. Kiuno pamoja na uchafu wenye harufu au maumivu wakati wa tendo la ndoa kinahitaji uchunguzi wa kizazi.

Na kuna lile ambalo mwanamke hulisema kwa jina la kiuno kwa sababu jina lake halisi ni gumu kutamka. Mkoa huu unajua. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 hukuhuku Ibanda, imepokea maelfu na maelfu ya wanawake waliobakwa, na huko matibabu ya mwili, ya moyo na msaada wa kisheria hutolewa pamoja. Maumivu ya kiuno na ya nyonga yanayobaki miaka baada ya ukatili ni jambo wanalolijua vizuri. Si lazima usimulie yote mapokezini. Omba kuonana na mwanamke, sema "kuna jambo lilinipata", inatosha kuanza. Kama limetokea sasa hivi, nenda ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya muda huo haifai tena.

Kama hakuna hata moja kati ya haya

Basi una muda. Ngoja wiki mbili hivi ukiendelea na maisha kadiri unavyoweza. Nenda kama baada ya hapo huoni nafuu, kama maumivu yanashuka mguuni kupita goti, kama usingizi umekataa, au kama hofu yenyewe imekuwa ugonjwa. Sababu hiyo ya mwisho ni halali kabisa. Watu huona aibu kumwambia munganga "nimekuja kwa sababu naogopa", wanaongeza chumvi kwenye uchungu ili waonekane wana haki ya kukaa pale. Mwisho wake wanapewa dawa kali ya uchungu ulioongezwa, na hofu wanarudi nayo nyumbani.

Maumivu ya mguuni yanatisha kwa sababu watu wanayahesabu kuwa mwanzo wa kupooza. Mara nyingi ni neva iliyowashwa au kubanwa na diski, na wengi wanapona ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Kinachotakiwa kuangaliwa ni nguvu. Kama mguu unaburuta, au huwezi kusimama juu ya vidole au juu ya visigino, hiyo si ya kungoja.

Wanaume wana hofu moja wasiyoitaja mbele ya wake zao. Mitaani kiuno na nguvu za kiume vinatibiwa kwa chupa moja ya mizizi, na muuzaji anafaidika mara mbili. Kiuno cha kawaida hakikuondolei uanaume. Uchungu, usingizi mbaya na wasiwasi ndivyo vinavyoondoa hamu, na vikipungua hamu inarudi. Kama tatizo la nguvu lipo kweli, litaje peke yake, maana sukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu zake, na vyote viwili vinapimika.

Kuhusu karatasi ya mapumziko: iombe kama unaihitaji, usiizungushe. Ila kuna karatasi bora kuliko ya siku kumi za kulala, nayo ni ya kazi nyepesi: asibebe mizigo wiki mbili, asikae saa nyingi mfululizo. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki, Finland, waliwalinganisha wafanyakazi wa mji wenye kiuno kilichoanza karibuni. Waliolazwa kitandani siku mbili walichelewa kupona kuliko walioambiwa waendelee na shughuli zao kwa kiasi walichoweza. Bosi mwenye akili ataipenda karatasi hiyo. Wasio na akili wapo, na kwao siku tatu za kupumzika ni bora kuliko kubebeshwa.

Mbele ya munganga

Anza na kinachokwama: "Siwezi kubeba bidoni, siwezi kukaa dukani zaidi ya nusu saa." Fuatisha hofu yako kwa jina lake. Kisha taja dawa zote ulizomeza, za famasi na za mizizi, pamoja na lavema kama umepiga. Usifiche. Munganga asiyejua kwamba umekwisha meza diclofenac siku kumi atakuandikia nyingine ya namna hiyohiyo, na tumbo lako ndilo litakalolipa.

Tegemea akuguse. Aangalie unavyotembea na unavyoinama, ainue mguu wako ukiwa umelala, apime nguvu za vidole, agonge mfupa wa mgongo, agonge goti. Inachukua dakika kumi na haina bei ya ziada. Ukiandikiwa dawa kabla hujaguswa, omba kwa heshima: "Daktari, naomba uniangalie miguu kwanza." Sijui munganga anayekasirika kwa ombi hilo, labda yule ambaye hukupaswa kumwendea.

Kabla ya kuondoka uliza matatu: unadhani ni nini, nini kikitokea nirudi haraka, na nifanye nini nyumbani. La pili ndilo watu wanalolisahau.

Utakavyouziwa

Radio kwanza. Wengi wanafika kwa ajili yake, na wakirudi bila picha wanaona hawakutibiwa. Radio ya kawaida inaonyesha mifupa. Diski na neva haionyeshi. Inafaa baada ya ajali, au kukiwa na dalili za TB au kansa. Kwa kiuno cha wiki moja haikwambii kitu, au inakwambia kitu kitakachokutisha bure. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote: kati ya wenye miaka 20, 37 kwa 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 walikuwa 96 kwa 100. Kwa hiyo neno "uchakavu" kwenye ripoti linafanana na mvi kichwani, linaonyesha umri zaidi ya ugonjwa. Kuna watu waliosomewa ripoti hiyo wakaacha kuinama kwa maisha yao yote.

Sindano inapendwa kwa sababu inaonekana kuwa na nguvu. Kwa kiuno cha kawaida haina faida kubwa kuliko kidonge cha dawa ileile, na ikichomwa mahali pasipofaa kwenye tako inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, ukaenda na maumivu ya kiuno ukarudi unachechemea. Uliza kwa nini si kidonge.

Vidonge vya ibuprofen au diclofenac vinasaidia kwa siku chache, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba asivinunue bila kuuliza. Paracetamol ina sifa kuliko kazi katika jambo hili. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa watu wapatao 1,650 wenye kiuno kipya. Waliomeza paracetamol na waliomeza kidonge kisicho na dawa walipona kwa muda uleule, nusu yao ndani ya siku 16 au 17. Nakupa namba hizo uzishike kwa sababu nyingine: ndizo siku za kungoja. Mtu anayebadilisha famasi kila siku tatu hakipi kiuno nafasi ya kupona.

Tramadol ikatae kwa kiuno cha kawaida, inazoesha mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu kiuno cha muda mrefu, linasema dawa za kundi la tramadol zisiwe sehemu ya matibabu ya kawaida. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa mashine. Mkanda unaouzwa sokoni ukikupa ujasiri wa kwenda kazini siku mbili, sawa, lakini usijenge maisha juu yake.

Dawa ninayoiogopa kuliko zote ni dexamethasone, kidonge kidogo cha bei ndogo kinachotolewa bila karatasi ya daktari. Ndani ya siku mbili mtu anaruka, anamsifu muuzaji, anarudi kwa nyingine. Wakati huo sukari inapanda, mfupa unadhoofika, tumbo linachubuka, na kama kulikuwa na TB, inapata nafasi ya kukua huku homa ikifichwa. Ukipewa vidonge visivyo na jina vimefungwa kwenye kikaratasi, uliza jina. Ukinyimwa jina, acha vidonge.

Kukandwa kwa maji ya moto na mafuta ya mawese hakuna ubaya, kunatuliza, na mwongozo wa mwaka 2023 unaihesabu masaji kati ya vinavyoweza kusaidia. Kuchanjwa kwa wembe usikubali. Lavema haina njia ya kufika kwenye kiuno.

Pa kwenda na pesa zake

Anza kwenye kituo cha afya cha mtaa wako. Fishi yake ni nafuu, na kama uko kwenye mutuele ya afya, kwa kawaida utatakiwa kupita pale kwanza upewe karatasi ya kukutuma hospitali kubwa ndipo sehemu ya gharama ilipwe. Isipokuwa kwa dalili za hatari nilizozitaja, kuruka kituo na kwenda Panzi au kwenye Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa kunakugharimu mara mbili, foleni na pesa.

Uliza bei kabla ya kila kipimo. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, pesa taslimu zilikuwa ngumu na watu wengi wakawa wanalipa kwa simu. Uliza kama kituo kinapokea malipo ya simu kabla ya kupanga foleni. Familia isiuze mbuzi kwa ajili ya radio ambayo haitabadilisha matibabu.

Kama umekwisha ambiwa hakuna hatari na bado unaumwa baada ya miezi mitatu, mtu wa kumtafuta ni wa kine, yaani wa tiba ya viungo. Hospitali kubwa za mji zina huduma hiyo, na Kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu, kina ujuzi wa miaka mingi wa tiba hiyo. Kine mzuri atakufundisha mazoezi na kukurudisha nyumbani uyafanye mwenyewe. Anayekulaza chini ya taa ya joto wiki baada ya wiki bila kukusimamisha anakula pesa yako.

Nyumbani na mlimani

Lala unavyoweza kulala. Huhitaji kushuka sakafuni wala kuweka ubao chini ya godoro. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 ulikuta kwamba godoro la ugumu wa kati liliwasaidia wenye kiuno cha muda mrefu kuliko gumu sana. Sponji iliyobonyea katikati igeuze au uikunje upande mwingine.

Mzigo ni habari ngumu zaidi, kwa sababu ushauri wa vitabuni haujui bei za Ibanda. Kumwambia mama wa makala "beba nusu" ni kumwambia ale nusu. Lakini nyumbani maji hayalipwi kwa mzigo: bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni rahisi kwa kiuno kuliko moja ya lita 20 upande mmoja, na watoto wakubwa, wavulana pia, wana mikono. Mzigo wa mgongoni usimamishe juu ya ukuta au jiwe la kimo cha kiuno kabla ya kuufunga, ili usiuinue kutoka chini, na ukipumzika njiani uutue pahali palepale pa kimo hicho. Ukibeba mtoto mgongoni wakati wa maumivu, mfunge juu, karibu na mabega. Motari asimame kila anapopata nafasi, ashuke, anyooshe mwili. Kukaa saa kumi juu ya mashimo kunachosha kiuno.

Kiuno kikipungua kinaweza kurudi. Wengi wanarudiwa kabla ya mwaka kwisha, na mara ya pili inawavunja moyo kuliko ya kwanza kwa sababu wanadhani walidanganywa. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu waliopona karibuni: waliopangiwa kutembea, hadi nusu saa mara tano kwa wiki, na kuelezwa namna ya kuishi na kiuno, walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi, na wenzao wasiopangiwa chochote siku 112. Kutembea Ibanda kuna mlima wake, kwa hiyo anza na sehemu ya tambarare na viatu visivyoteleza, dakika kumi, uongeze kila wiki. Mama anayebeba mizigo kutwa hahitaji kuambiwa atembee. Yeye anahitaji siku moja kwa wiki bila kamba kwenye paji la uso.

Kikirudi, chukua karatasi uliyopewa na munganga mara ya kwanza, pitia tena dalili za hatari moja baada ya nyingine, na kama hazipo, fanya yaliyokusaidia mara iliyopita kwa wiki mbili. Zikiwapo, nenda nayo hospitali, munganga wa pili asianzie mwanzo.